Msaada wenu wakuu: Bimkubwa alibonyeza kengele, wahudumu wakaja baada ya dakika 40

Mwana_wa_Mwisho: Wakuu, heshima kwenu. Bimkubwa ana miaka 81, yuko kwenye makao ya wazee. Usiku wa kuamkia jana alianguka chooni. Anasema alikaa sakafuni dakika 40. Wahudumu wanasema kengele ilipolia walifika ndani ya dakika 5. Nimhamishe au nimwache? Sijalala.

Fundi_Kengele: Usibishane nao kwa mdomo. Mitambo mingi huhifadhi saa kitufe kilipobonyezwa na saa kilipozimwa. Omba kumbukumbu za siku 14, angalia hasa saa za kubadilishana zamu, na kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi. Uliza pia kengele huzimwa wapi. Mingine huzimwa pale pale mezani kwa wahudumu, mtu hajakanyaga chumbani. Na chooni kuna kamba ya kuvuta? Ncha yake iwe kama sentimita 10 kutoka sakafuni. Wafanya usafi huifunga juu isilowe, basi aliyeanguka haifikii.

Bi_Mkasi: Kosa la kwanza ni kumpeleka huko. Mama halelewi kwa zamu.

Nesi_wa_Zamu: Bi Mkasi, hajauliza hilo. Mleta uzi, alijigonga wapi? Anatumia dawa gani?

Mwana_wa_Mwisho: Ana presha tu. Halafu nimeshalipia vyuma vya kuzuia pembeni mwa kitanda, kesho napeleka. Na nimeomba apewe kidonge cha usingizi asiwe anaamka ovyo.

Nesi_wa_Zamu: Hivyo viwili ndivyo vitakavyomwangusha tena. Aliyebanwa na haja ataviruka vyuma, aanguke kutoka juu zaidi, au anase kichwa kati ya chuma na godoro. Mwongozo wa Marekani wa 2006 kuhusu vitanda vya hospitali unataka nafasi hiyo iwe chini ya milimita 120. Vya kununua na kupachika mara nyingi huachia zaidi godoro likisogea. Kidonge nacho humwamsha akiyumba. Kitanda kishushwe, taa hafifu ibaki hadi chooni, apelekwe haja kabla ya kulala na mara moja katikati ya usiku. Presha ipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, daktari apitie dawa zake. Swali langu bado: alijigonga wapi, na dawa ZOTE ni zipi?

Mwana_wa_Mwisho: Kisogoni, kidogo tu. Nundu imeshapungua. Kuna na ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande. Ila jana amekula vizuri, sikuona haja ya kumsumbua.

Nesi_wa_Zamu: Mpeleke hospitali SASA HIVI. Kwa dawa hiyo damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole, mtu akiwa anakula na kucheka. Usimsimamishie dozi kwa uamuzi wako. Beba pakiti, waambie saa aliyomeza mara ya mwisho. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, maneno yakivurugika au mkono ukilegea, ita gari la wagonjwa.

Kijiko_cha_Sukari: Hii chai, tena ina tangawizi. Kichwa cha uzi kinasema alibonyeza ndipo akasubiri 40. Ndani, 40 ni za sakafuni. Na dawa ya moyo imeibuka katikati ya uzi kama jini.

Fundi_Kengele: Mkuu, kweli hapo pana pengo. Alibonyeza kitufe kipi?

Mwana_wa_Mwisho: Si chai. Cha shingoni alikuwa amekivua. Mimi ndiye nilimwambia asikibonyeze kila saa, wahudumu walikuwa wanalalamika. Alitambaa hadi kitandani ndipo akabonyeza.

Fundi_Kengele: Basi 40 zake na 5 zao zote zinaweza kuwa kweli. Ukihama, tabia hiyo mnahama nayo. Kitufe cha shingoni hakivuliwi, hata kuogea, kama ni cha kuhimili maji. Kijaribuni kila mwezi akiwa chooni mlango umefungwa, maana ndipo mawimbi hukatika.

Bi_Mkasi: Nilisema mimi.

Mwana_wa_Mwisho: Sasa vile vyuma si wanagoma kurudisha pesa?

Nesi_wa_Zamu: Uko njiani au bado unaandika?