Naombeni ushauri: tumeweka mapipa matatu chuoni, gari la taka linakuja kuchanganya zote

Katibu_Mazingira
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa klabu ya mazingira kwenye chuo kimoja cha serikali huku mikoani, mwaka wa pili. Naandika nikiwa nimevunjika moyo, naombeni mawazo yenu.

Muhula uliopita tulichangishana, tukanunua mapipa na kuyapaka rangi wenyewe: bluu chupa, njano karatasi, kijani makombo. Tukayaweka hosteli, maktaba na kantini. Wiki mbili za mwanzo watu walifuata vizuri mno. Halafu asubuhi moja gari la taka likaja wakati wanafunzi wamejaa njiani wakienda vipindini. Vijana wakabeba pipa la bluu wakamimina garini, wakaleta la kijani wakamimina juu yake. Kila mtu aliona. Toka siku hiyo ukifungua pipa la karatasi unakuta ubwabwa.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Hosteli ya wasichana kuna mama mfanya usafi ambaye alikuwa anaokota chupa miaka mingi kabla yetu. Anazikanyaga kwa kisigino moja moja, anajaza kiroba, mwisho wa mwezi anauza. Sisi tuliweka pipa la bluu lenye kufuli, chupa zote zikaja kwetu. Juzi nimempa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Mwanangu, kile kiroba ndiyo yalikuwa madaftari ya wajukuu zangu." Nilikosa la kujibu.

Na chupa zenyewe zimejaa stoo. Mnunuzi kaja, kaangalia, kakataa nusu. Tufanyeje?

Mzee wa Mizani
Binti, pole. Mimi nanunua chupa na skrepa, nianze na hilo la mnunuzi maana linarekebishika haraka.

Chupa ya maji na ya soda ni plastiki namba 1, angalia pembetatu iliyochongwa kitakoni. Kizibo ni plastiki nyingine kabisa. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha chupa na kipande cha kizibo, vizamishe kwenye ndoo ya maji kisha viachie: cha chupa kinabaki chini, cha kizibo kinapanda. Kwa hiyo toeni vizibo, vipewe kiroba chake, navyo vinauzika. Lebo zivuliwe. Za rangi zikae mbali na zile nyeupe zinazoonyesha ndani. Chupa iliyowahi kuwekwa mafuta msiiguse, inachafua mzigo mzima.

Halafu zikanyagwe. Chupa za nusu lita zinaweza kufika themanini au zaidi ndipo upate kilo moja. Zikiwa zimejaa upepo, nauli ya gari inameza faida yote.

Karatasi nyeupe za printi zikae peke yake, maboksi peke yake, na zisilowe. Iliyonyeshewa sichukui hata bure.

Afisa Mstaafu
Nimefanya kazi ofisi ya miliki, ile ya majengo na viwanja, kwenye taasisi ya umma. Vijana wa gari msiwalaumu. Kwa uzoefu wangu mkandarasi analipwa kwa tripu au kwa mwezi, kazi yake kutoa taka kupeleka dampo. Kama mkataba haumtaki atenganishe, na gari lina tumbo moja, atafanya vile mlivyoona.

Andikeni barua kupitia mlezi wa wanafunzi, nakala kwa afisa miliki na afisa ugavi. Ombeni jambo moja tu: siku ya makombo iwe tofauti na siku ya taka kavu. Gari lile lile, siku mbili. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na mahitaji yanakusanywa miezi mingi nyuma, mkipeleka barua Juni mmechelewa.

Kabla ya barua, azimeni mizani jikoni, mpime taka za hosteli moja kwa wiki nzima: makombo kilo ngapi, chupa ngapi, karatasi ngapi. Mkurugenzi akiona namba za chuo chake mwenyewe atauliza maswali, na akiuliza maswali mmefika.

Mama Zawadi
Hapo kwa huyo mama nimesoma mara mbili. Toeni kufuli leo hii, msisubiri kikao. Huyo alikuwa anafanya urejelezaji kabla klabu yenu haijazaliwa, bila pipa wala fulana ya klabu. Kabla ya kumwambia chochote, kaa naye umuulize anauza wapi, kwa nani, mzigo gani unakataliwa. Ana shule nzima kichwani.

Katibu_Mazingira
Mama, asante, nimeumia lakini ni kweli. Shida ni kwamba klabu nayo ilitegemea hela ya chupa kununua glovu na viroba. Tukimwachia zote tunabaki na nini?

Mama Zawadi
Mbaki na karatasi, mwanangu. Chuo kina karatasi kuliko chupa: mitihani ya majaribio, vitini, maboksi ya steshenari. Hizo yeye hazibebi, nzito. Na glovu mnunulieni yeye wa kwanza.

Shamba Darasa
Mmesahau makombo, na kwa chuo chenye kantini hapo ndipo uzito ulipo. Yakitoka, zile taka nyingine zinabaki kavu na safi, hata huyo mnunuzi hatakataa.

Tengenezeni mboji. Kwa ndoo moja ya makombo na maganda wekeni ndoo mbili tatu za majani makavu au pumba ya mbao. Makavu yakipungua inanuka, na ikinuka mtafungiwa siku hiyo hiyo. Nyama na mafuta msitie. Ikishika vizuri katikati inafika nyuzi 55 hadi 65, ukiingiza mkono unautoa mwenyewe. Geuzeni kila wiki. Ikikauka nyunyizeni maji, kiasi cha kitambaa kilichokamuliwa.

Wafugaji wa nguruwe watakuja kuomba makombo. Wapeni kwa sharti yachemshwe kwanza, homa ya nguruwe inasambaa kwa njia hiyo.

Wa Kando ya Mto
Kwetu Kenya kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inataka taasisi za umma na binafsi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza. Sheria inasaidia ukienda kugonga mlango wa ofisi. Ila makundi ni mawili tu, na kwa maoni yangu nanyi anzeni na mawili. Mapipa matatu ni mengi kwa mtu anayekimbilia kipindi.

Ndoo Tupu
Mimi nauliza, kwa nini chupa ziwe nyingi hivyo? Mifuko ya plastiki Tanzania ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, tukazoea vikapu. Wekeni bomba la maji ya kunywa kila jengo, kila mtu aje na chupa yake. Na kantini, anayekuja na bakuli lake apunguziwe kidogo kuliko anayefungiwa kwenye foili.

Shamba Darasa
@Ndoo Tupu bakuli nakubali. Bomba sikubali mpaka maji yapimwe. Nimeugua taifodi chuoni, nikapoteza mtihani. Chujio kwanza, na mtu maalumu wa kulisafisha, ndipo muwaambie watu waache kununua maji.

Ndoo Tupu
Hapo sawa. Chujio liingie kwenye ile ile barua.

Katibu_Mazingira
Mrejesho baada ya siku nne. Kufuli nimetoa. Nilikwenda kwa yule mama na chai na chapati, tukakaa nyuma ya hosteli kwa muda wa karibu saa mbili. Kumbe yule mnunuzi aliyetukataa yeye hamuuzii kabisa, anauza kwa mwingine karibu na stendi anayepokea hata zenye lebo. Mama amekubali kutufundisha kupanga stoo. Akanionyesha kukanyaga: unafungua kizibo kwanza, unailaza, kisigino katikati, kisha kitako unakikunja juu. Mimi nilikuwa naruka juu yake.

Tumebaki na mapipa mawili. Jumamosi tunaanza kupima, jikoni wametuazima mizani. Mzee wa Mizani, swali moja: chupa za maziwa zile nzito nyeupe niziweke na za maji?

Mzee wa Mizani
Hapana. Hizo aghalabu ni namba 2, kata kipande uweke kwenye ndoo utaona kinaelea. Kiroba chake peke yake, na zisuuzwe kabla maziwa hayajaganda.