Mrejesho: Mzee wa presha na kutembea asubuhi

Wakuu, niliuliza kama baba yangu mwenye presha anaweza kutembea kila asubuhi, au atauchosha moyo. Daktari kamruhusu, ila dawa asiache. Alivyotueleza, moyo ukizoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo hauna haja ya kudunda mbio. Mishipa nayo hulegea, presha ikashuka. Kipimo ni mdomo: aweze kuongea huku anatembea, lakini kuimba kumshinde. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na unaweza kuzigawa utakavyo. Kifua kikiuma au akipata kizunguzungu, asimame na aende hospitali. Mzee kakubali, tena kwa furaha. Tatizo ni vijiwe vya kahawa: vyote lazima asimame asalimie.