Kupunguza chumvi bila chakula kuwa chapwa

Swali: Wakuu, mtu mzima anatakiwa asizidishe chumvi kiasi gani kwa siku? Na anapunguzaje bila chakula kuwa chapwa?

Jibu 1: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Hiyo ni jumla: ya sufuriani, ya mezani na iliyojificha kwenye mkate, soseji na supu za pakiti. Pakiti ikitaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Wengi hukosea hapo.

Jibu 2: Usiikate ghafla, ulimi utagoma na kichupa kitarudi mezani. Punguza robo ya kipimo, kaa wiki mbili tatu, kisha punguza tena. Itie mwishoni, ukionja. Ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga huziba pengo.

Jibu 3: Angalizo tu: chumvi mbadala zenye potasiamu si za kila mtu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, amwulize daktari kwanza. Na hiyo kidogo inayobaki iwe yenye madini joto.