Nasafiri siku 24, paka wawili na kasuku wadogo naachia khalati. Nimpe maagizo gani?

PakaWaKibokoni

Asalaam aleikum. Naomba ushauri kwa wanaojua wanyama vizuri.

Nasafiri mwezi wa Februari kwa siku 24. Nawaacha paka wawili, dume aliyehasiwa wa kilo 5 na jike wa kilo 3 na nusu, wote wa ndani. Pia kuna kasuku wadogo wawili wa kijani, wako tunduni. Khalati yangu, dada wa mama, amekubali kuwatazama. Yeye akaa Likoni, mimi niko Kibokoni, ng'ambo ya feri hapa Mombasa. Kwake kuna mwanawe wa kiume na mkaza mwana mwenye mimba ya miezi minne.

Huruma khalati anayo tele, ila elimu yake ni ya zamani: paka hula makombo, akiumwa apewa nusu panadol, akiwa na viroboto apakwa poda ya mbwa. Nikijaribu kumweleza ajibu, "Mimi nimefuga paka hujazaliwa." Ni mkubwa wangu, siwezi kumkalisha chini nikamsomesha. Na huyo dume ameshawahi kuziba mkojo mara moja.

Je, niwahamishie Likoni au wabaki kwangu? Na maagizo nimwandikie yapi, maana nikiandika kurasa tano hatazisoma.

Kusi_na_Kaskazi

Wabaki Kibokoni. Paka hushika mahali kuliko mtu. Ukimpeleka nyumba ngeni, siku mbili za kwanza ndizo za kutoroka: mlango ukifunguliwa kumpokea mgeni, huyo kapita miguuni. Na akitoka Likoni kurudi Kibokoni hafiki, kuna mkondo wa bahari katikati.

Halafu fikiria dume kaziba usiku. Umshike ndani ya kikapu, uteremke, ungoje feri, uvuke, utafute tuktuk. Wakati huo wote kibofu chajaa. Mtoto wa khalati aje asubuhi kabla ya kazi na arudi magharibi. Ndege peke yao ndio wanaweza kwenda Likoni, tundu hubebeka.

Mzee_Tudor

Mbona mwatishana? Paka wa Mji wa Kale wamelelewa kwa vichwa vya samaki miaka na miaka na mitaa imejaa paka.

DawaNaDozi

@Mzee_Tudor mitaa imejaa kwa sababu wanazaana sana, si kwa sababu wanaishi sana. Na paka wa barazani hujitafutia panya na ndege, nyama mbichi yenye taurini, kirutubisho anachokihitaji kwa moyo na macho. Paka wa ndani hula kile tu anachowekewa. Ukimlisha wali wa nazi na ugali kwa maziwa, hiyo taurini haipati, na maziwa yenyewe yatamharisha.

@PakaWaKibokoni nianze na lile litakaloua haraka, kisha sumu.

Dume kuziba. Mfereji wa mkojo wa dume ni mwembamba sana, vijiwe kama mchanga au ute vyatosha kuuziba. Dalili zake: aingia kwenye mchanga mara tano, sita kwa saa moja, achuchumaa, atoka tone au hakuna kitu. Alia. Ajilamba chini bila kupumzika. Ukigusa tumbo kwa nyuma wakuta kitu kigumu cha mviringo kama chungwa. Hapo ndipo watu wetu hukosea, kwa sababu ule mkao wafanana na paka aliyefunga choo. Basi apewa mafuta ya kula, au tumbo lakandwa. Usikande kamwe, kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Mkojo usipotoka, potasiamu yapanda kwenye damu na moyo wasimama. Hesabu ni saa 24 hadi 48 tangu kuziba, na kila saa ina thamani. Daktari amlaza kwa dawa, apitisha mrija, aosha kibofu. Hakuna dawa ya nyumbani, wala hakuna "tungoje asubuhi".

Kwa hiyo agizo moja ambalo khalati lazima alijue kwa kichwa ni hili: dume akichuchumaa bila mkojo, apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo. Kama hatakumbuka lingine lolote, akumbuke hilo.

Sasa sumu. Panadol: ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama letu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka mkubwa, na hata hiyo nusu ni hatari. Damu hugeuka kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, fizi huwa za kahawia au buluu, uso na nyayo huvimba. Wala asibadilishe kwa ibuprofeni au diklofenaki, hizo nazo huchoma tumbo na figo. Poda na matone ya viroboto ya mbwa mengi yana permethrini, na paka hutetemeka, hutupwa na degedege, hufa. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe inayouzwa agroveti, yenye amitrazi, vilevile. Akipakwa kwa bahati mbaya, muogeshe mara moja kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji vuguvugu, kisha daktari.

Dawa ya sakafu ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa maji, nyingi zina fenoli au mafuta ya msonobari. Paka hutembea juu yake, hulamba nyayo, ndipo sumu humwingia. Zioshe sahani na sanduku la mchanga kwa sabuni tu.

Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu, na pilau, biriani na mchuzi vyote vina kitunguu. Tatizo la makombo ni hicho kitunguu.

Bi_Makadara

Nakubaliana na DawaNaDozi kwa kila kitu, lakini ushauri wake ukimpelekea khalati hivi ulivyo utaleta ugomvi. Usimfundishe kufuga. Mwondolee nafasi ya kukosea, hapo hutahitaji kumfundisha.

Pima chakula mwenyewe kabla ya kusafiri. Dume wa kilo 5 wa ndani ale kama gramu 60 za chakula kikavu kwa siku, jike gramu 44, lakini tazama pia kibandiko cha mfuko wako. Tayarisha siku 27, si 24, maana safari ya kurudi huchelewa. Dume milo 54 ya gramu 30, jike milo 54 ya gramu 22. Tumia mizani ya jikoni na bahasha ndogo za khaki, andika D au J na tarehe. Ndiyo, ni bahasha 108, kazi ya jioni moja na kahawa. Zote tia kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, kwani unyevu wa hapa hulegeza chakula kikavu na mafuta yake huchacha. Faida ya bahasha si kipimo tu. Mwanawe akikutumia picha ya ndoo Jumatano, bahasha za Jumanne zikiwa bado zimo, wajua mlo umerukwa bila kumuuliza khalati lolote.

Dawa zote za kabatini mwako zifungie au zitoe nyumbani. Panadol isiyokuwepo haimuui paka. Poda ya mbwa vilevile. Na watibu viroboto wewe siku mbili tatu kabla ya kuondoka, kwa dawa ya paka, ili wakati wa kuwaza poda usifike.

Yale machache yanayobaki msemee kwa sauti kwenye WhatsApp, sekunde 40 basi, na umwambie "daktari amekataza". Usiseme wewe ndiye uliyekataza. Mtu mzima hukubali kushindwa na daktari kuliko na mtoto wa dadake.

TunduLaNdege

Hapo kwa kasuku wadogo mmepita haraka. Wana mambo mawili yatakayowaua, na yote yanafanywa na watu wema.

La kwanza ni maganda. Kasuku humenya kila punje na kuliacha ganda kwenye kikombe kile kile. Mtu akitazama kwa juu aona kikombe kimejaa, asema wamebakisha. Chukua kikombe, kipulize taratibu: maganda yaruka, chini hamna hata punje moja. Ndege mdogo hivi hawezi kukaa na njaa siku mbili. Agizo liwe: kila asubuhi mwaga kilichopo, tia vijiko vinne vya chai vya mtama mdogo mpya, viwili kwa kila mmoja. Asichungulie, amwage tu.

La pili ni udi. Ijumaa khalati atafukiza, na hakuna ubaya, ila mapafu ya ndege yana vifuko vya hewa vinavyopitisha hewa mwili mzima, na moshi humwingia upesi kuliko mtu. Ubani, udi, jiko la makaa, dawa ya mbu ya kupuliza, na kikaango kisichoshika chakula (non-stick) kikiungua mkavu jikoni, vyote ni hatari. Tundu litoke kwenda chumba kingine, mlango ufungwe, dirisha liwe wazi, lirudi harufu ikishaisha. Kama hawezi kukumbuka, basi ndege nao wabaki Kibokoni.

Parachichi wasipewe hata ukucha. Mtu akila tunda mezani hupenda kumkatia ndege.

Na Februari ni kaskazi, jua kali. Tundu la barazani lenye kivuli saa tatu asubuhi laweza kuwa juani saa tisa. Ndege aliyeachama mdomo na kutandua mbawa ashaungua. Weka alama kwa chaki ukutani mahali tundu linapokaa, lisisogezwe.

Mzee_Tudor

Hilo la maganda sikulijua. Nimekubali.

PakaWaKibokoni

Shukran sana. Ndege wabaki kwangu, nimeamua, khalati bila udi Ijumaa haiwezekani. Mnisaidie na haya: maji, mchanga, na mkaza mwana mwenye mimba. Mumewe atakuwa akija kwangu, huenda wakaja pamoja. Kuna jirani ameshamtisha kuwa paka hutoa mimba.

DawaNaDozi

Maji kwanza, maana yahusu dume wako. Paka huhitaji takriban mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, pamoja na yaliyo kwenye chakula: dume 250, jike 175. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na paka akionja hunywa kidogo, mkojo wazidi kuwa mzito, na mkojo mzito ndio unaojenga vijiwe. Acha mitungi miwili ya maji matamu, na mabakuli matatu, yawe mbali na chakula na mbali zaidi na mchanga. Kwenye kila mlo wa dume atie vijiko viwili vikubwa vya maji, asubiri dakika kumi, ampe. Kilichobaki baada ya saa moja kimwagwe, joto la Februari halingoji. Sahani ikae ndani ya sinia yenye maji kidogo ili sisimizi wasipande.

Mchanga: masanduku matatu kwa paka wawili. Picha ya kila sanduku asubuhi kabla ya kuchota. Ukitumia ule unaoganda, hesabu madonge ya mkojo, paka wawili wakiwa sawa utaona manne hadi sita kwa siku. Yakishuka kuwa mawili, piga simu. Mchanga wa ufukweni haugandi na hutapata hesabu, kwa hiyo safari hii nunua.

Nasaha_za_Uzazi

Kuhusu mimba: ugonjwa unaosemwa huletwa na kijidudu kiitwacho toksoplasma. Paka hukitoa kwenye kinyesi, lakini mayai yake huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo yaambukize. Kinyesi kikichotwa kila siku na mtu mwingine, hatari huwa ndogo mno. Na paka wa ndani anayekula chakula cha dukani, bila nyama mbichi wala panya, mara nyingi hana kitu. Yeye asichote mchanga, basi. Kukaa na paka mapajani hakumdhuru. Anachopaswa kukiogopa zaidi ni mshikaki mbichi ndani na mboga zisizooshwa, na hilo jirani hakumwambia.

Mwachie khalati pia kadi ya paka ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu aking'atwa au akiparuzwa na mnyama yeyote wa mtaani pale mlangoni, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Bi_Makadara

Moja mmelisahau, na mara nyingi ndilo linalochelewesha. Jamaa akiona mnyama mgonjwa huona haya kutumia pesa za mwenyewe bila ruhusa. Akupigia, hupatikani, uko angani au ni usiku huko uliko, basi angoja. Saa nane zapita hivyo.

Nenda kwa daktari wako wa wanyama kabla ya safari, weka amana, na uache barua fupi iliyotiwa sahihi: namruhusu fulani bin fulani kumleta paka wangu, daktari amlaze na kupitisha mrija bila kunisubiri, kiwango cha pesa ni hiki. Nakala moja ibandikwe mlangoni kwa ndani, pamoja na namba ya daktari wa mchana na ya yule wa usiku. Kikapu cha kubebea kikae sebuleni wazi tangu leo, taulo lako ndani, paka azoee kulala humo. Kikiwa juu ya kabati, siku ya dharura mwanawe atapoteza nusu saa akimfukuza dume chini ya kitanda.

PakaWaKibokoni

Kikapu kiko juu ya kabati kweli. Nakishusha sasa hivi.

Kusi_na_Kaskazi

Na ufunguo uwe na nakala mbili. Moja kwa mtoto wa khalati, nyingine kwa jirani wa Kibokoni anayeweza kufika kwa miguu. Feri ikiwa na foleni, jirani ndiye atakayemuwahi huyo dume.