Wanajua namba za spidi ya shata ubaoni, kamera ikiwa mkononi zinawapotea

Mwalimu_Tanga
Habari zenu wakuu. Nafundisha darasa dogo la upigaji picha hapa Tanga, vijana waliomaliza kidato cha nne, wengi wanataka kupiga harusi na sendofu. Kamera tunazo nne, Canon na Nikon za kawaida zenye lenzi ya 18-55, waliobaki wanatumia simu. Ubaoni wanajibu vizuri: shata ikifunguka 1/1000 ya sekunde inagandisha mwendo, 1/15 inauvuta. Tukitoka nje, kijana anampiga mwenzake aliyesimama wima, picha imetikisika, ukimuuliza kwa nini anasema "amecheza huyu". Nimewawekea kamera kwenye Tv (Canon) na S (Nikon), pale unapochagua spidi mwenyewe na kamera inapanga mengine, wajaribu, wanazungusha tu. Nyie mnaanza na mazoezi gani?

BabaStudio
Mwalimu, hongera kwa kazi. Huyo aliyesema "amecheza" amekuonyesha pa kuanzia. Picha hutikisika kwa mkono wa mpigaji au kwa mwendo wa anayepigwa, na kijana asiyezitambua hizo mbili kwa macho atazungusha mpaka jioni bila faida. Kwa hiyo zitenganishe. Vijana wangu wa studio hawapigi kitu kinachotembea mpaka wamalize ukuta.

Bandika kalenda ukutani, ile yenye tarehe ndogondogo. Lenzi iwe kwenye 55, kitulizi cha mtikisiko kizimwe (Canon hukiita IS, Nikon VR; kwenye lenzi nyingi swichi iko ubavuni), ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga, ijipange yenyewe. Kamera mkononi, wapige 1/250, 1/125, 1/60, 1/30, 1/15. Halafu wakuze picha kwenye kioo mpaka tarehe zionekane kubwa, na kila mmoja aandike kwenye daftari ni wapi tarehe zilianza kuonekana mbilimbili. Kwa kamera hizo kanuni ya kupiga kwa mkono bila kutikisika inataka 1/80 au 1/100 ukiwa kwenye 55, ila mikono haifanani. Akishajua mpaka wake, hatamsingizia bwana harusi.

Baada ya hapo pangaboi, na hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote. Lizime kwanza, bandika kipande cha karatasi nyeupe kwenye ncha ya panga moja, liwashe. Kamera ilale mezani ikitazama juu, itumie kipima muda cha sekunde 2 ili mkono usiiguse. Kabla ya kila picha, kijana aseme karatasi itavutika kiasi gani. Usimruhusu kubonyeza kabla hajasema. Kama panga lina sentimita 60 na linazunguka mara 4 kwa sekunde, kwa 1/15 karatasi inavutika kama mita nzima, zaidi ya robo ya duara. Kwa 1/125 inabaki sentimita 12. Kwa 1/1000 ni sentimita moja na nusu.

Kisha waambie waangalie katikati, karibu na mota. Kwenye picha hiyohiyo ambayo ncha imevutika vibaya, shina la panga limetulia. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba 1/125 peke yake haigandishi wala haivuti chochote. Inategemea kitu kinakatiza mbele ya lenzi kwa kasi gani. Bodaboda inayokuja moja kwa moja kwako haihitaji spidi kubwa kama ile inayokatiza. Usiwaambie mapema, waache wagundue wenyewe. Na kwenye 1/1000 chumbani picha itakuwa giza au itajaa chenga kwa sababu ISO imepanda. Vizuri, wajue na gharama yake.

Mwisho ndio barabarani. Tanga mna baiskeli nyingi, shukuru Mungu. 1/30, simama miguu imepanuka, mfuate mwendesha baiskeli kwa kiuno tangu akiwa mbali, bonyeza akifika mbele yako na uendelee kumfuata hata baada ya mlio. Nyuma inavutika, yeye anabaki. Msiende saa sita mchana: kwenye jua kali, hata kwa ISO 100 na f/22 (tundu la lenzi likiwa dogo sana) kamera inataka kama 1/60, ukishuka hadi 1/15 picha inaungua. Nendeni jua halijakaza.

Dada_Unguja
Naongeza moja. Sisi tunawapeleka Forodhani jioni, vijana wanapojirusha baharini. Tunaomba ruhusa kwanza. Wanafunzi wote hukimbilia 1/2000, lakini mtu anayeruka akifika juu kabisa, kabla hajaanza kushuka, ni kama anasimama, na 1/250 mara nyingi inatosha. Akiwa anaingia majini ndipo unaihitaji 1/1000. Ukiwafundisha kuusubiri ule wakati wa juu, wanajifunza kutazama, na mwanga wa jioni haukuishii mapema.

Mwalimu_Tanga
Ahsanteni sana. Kesho naanza na kalenda. Wenye simu je? Wakiweka Pro (hali ya kujipangia wenyewe) na kushusha spidi nje, picha yote nyeupe. Na darasani, kwenye picha zao za pangaboi mapanga yanaonekana yamepinda, pia kuna mistari myeusi inakatiza picha.

BabaStudio
Tundu la lenzi ya simu nyingi halibadiliki, nalo ni pana, f/1.8 hivi. Juani inataka 1/4000, kwa hiyo spidi ndogo wafanyie usiku: simu iegemezwe kwenye tofali, sekunde 2 au 4, taa za magari barabarani. Ni zoezi kamili, wasijione wamepewa makombo.

Mapanga kupinda ni kwa sababu simu husoma picha mstari kwa mstari, na panga linakuwa limeshasogea kabla haijamaliza. Mistari myeusi ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka 1/50 au 1/100 itaondoka. Ukitaka spidi kubwa zaidi, zima taa, fungua madirisha.