Seva imejaa na duka haliwezi kufungwa

Jameni, niko Kisumu, duka la jumla karibu na soko la Kibuye. Seva ya Linux, diski ya terabaiti 1, imejaa asilimia 96. Kesho ni Jumapili, siku ya soko, siwezi kuizima. Nimenunua diski ya terabaiti 2. Naiongezaje tukiendelea kuuza?

— Unatumia LVM, ile ya kuunganisha diski kadhaa ziwe nafasi moja?

Ndiyo, na mfumo wa faili ni ext4.

— Basi umepona. Kama seva inakubali kuchomekewa diski bila kuzimwa, chomeka, kisha toa amri hizi: pvcreate (kuiandaa diski), vgextend (kuiongeza kwenye kundi), kisha lvextend -r (kupanua nafasi). Hiyo -r hupanua na mfumo wa faili papo hapo. Bakapu kwanza lakini! Mimi niliwahi kuandika sdb badala ya sdc, yaani jina la diski nyingine, saa sita usiku. Nililia.

— Na ukumbuke, bila RAID (mpangilio wa diski unaolinda data moja ikiharibika) diski moja ikifa umepoteza data ya zote mbili.

Imekubali, sasa imejaa asilimia 32 tu. Mteja wa sukari hata hakujua.