Weivuski kwa anayeanza: ufunge mkanda au la?

OmoJuu
Wakuu, habari zenu. Nina miaka miwili ya kupiga kafi kwenye kayaki za maji matulivu. Sasa nimepata weivuski ya fiba, yaani ubao wa kuteleza mawimbini unaokaa juu yake na kupiga kafi, wenye mkanda wa kiuno na kamba za kushika miguu. Rafiki mmoja ananiambia nijifunge tangu siku ya kwanza. Mwingine ananisihi nianze na chombo chake cha plastiki, kipana, kisicho na mkanda. Nifuate lipi? Sitaki kuumia wala kumuumiza mtu.

KafiMbili
Anza na cha plastiki, mkuu. Ukipinduka unamwagika pembeni, unaibuka, basi. Ukiwa umefungwa, kichwa kiko chini, wimbi linakusukasuka, maji yamejaa puani, na mkono lazima uupate mkanda bila macho kusaidia. Mtu asiyewahi kufanya hivyo hushikwa na hofu.

MchangaMweupe
Ndugu KafiMbili, hapo sikubaliani nawe. Wimbi likikupiga ubavu bila mkanda, wewe unabaki na chombo kinakwenda peke yake na povu hadi kwa wanaoogelea. Nimeshuhudia mtoto akigongwa mguu hivyo. Hatari hujaiondoa, umemhamishia mwingine. Isitoshe, weivuski inaongozwa kwa nyonga. Ukilegea kitini huigeuzi.

Afunge mkanda, ila baada ya bwawa la kuogelea. Mwenzake asimame kando, yeye ajipindue makusudi, ahesabu hadi tano, aufungue, atoke. Mara ishirini, mkono wa kulia na wa kushoto. Kujiinua kwa kafi bila kutoka atajifunza baadaye.

KafiMbili
La chombo kukimbia nakubali. Ndiyo maana mimi hufunga kamba kati ya kafi na chombo: nikishika kafi, chombo nacho hakiendi. Iwe fupi tu, maana ikilegea hunasa shingoni au mkononi.

BiPovu
Nimefundisha wanaoanza kwa muda mrefu, na kabla ya mkanda mimi huuliza: maji yana kina gani, na chini kuna nini? Aliyefungwa akipinduka kwenye maji ya magotini hugonga mchanga kwa kichwa au bega. Kwa hiyo kofia ngumu kila siku, hata bahari ikiwa shwari. Ukipinduka, inama mbele haraka, kifua kikaribie mapaja. Usilale nyuma, utauachia uso upokee pigo.

Mawimbi ya mwanzo yasipite kiuno, chini kuwe mchanga mtupu, na pasiwe na waogeleaji mbele yako. Usiingie peke yako.

Mabega sasa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia. Wimbi likikulaza ubavu, mwili hutaka kulikimbia. Ukilikimbia linakupindua upande wa ufukweni. Liegemee wimbi lenyewe, kafi likiwa chini, viwiko vikiwa chini ya mabega na karibu na mbavu. Anayenyoosha mkono juu ya kichwa kujizuia anaweza kuteguka bega kwa wimbi dogo tu.

Na ukishatoka kwenye kiti, usisimame kamwe kati ya chombo na ufukwe. Kaa upande wa bahari. Wimbi moja likikisukuma chombo, miguu yako haitakizuia.

OmoJuu
Ahsante sana, Bi. Na mkondo ukinivuta nje?

BiPovu
Usishindane nao. Baki na chombo chako, kinaelea. Piga kafi sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye mkondo, kisha urudi pale mawimbi yanapovunjika. Ukichoka, inua mkono uombe msaada mapema.

MchangaMweupe
Nyongeza: aliye karibu zaidi na sehemu ya wimbi inayovunjika ndiye mwenye haki nalo. Ukimwona mtu yuko juu yake tayari, liache. Chombo chako ni kizito kuliko ubao wa kawaida, na ncha yake ni kali.

OmoJuu
Nimetoka bwawani sasa hivi. Mkono wa kulia nimefungua mara zote. Wa kushoto umenishinda mara sita kati ya ishirini. Napapasa mara mbili kabla ya kuikuta ncha ya mkanda. Baharini siendi wiki hii. Kesho narudi bwawani, na kile chombo cha plastiki nimekiazima kwa ajili ya Jumamosi, mawimbi yakiwa madogo.